Walungu: Mpini mbichi unafanya jembe kuwa hatari

Huko Walungu, Kivu Kusini, mvua za Septemba zinapokaribia, majembe ya zamani yanatafutiwa mipini. Chuma bado kizima, na franka za kununua jembe jipya hazipatikani kwa urahisi. Wengine wanakata mkaratusi asubuhi na kulima nao mchana. Hapo ndipo kosa. Mti mbichi unakauka, unasinyaa, tundu linalegea, na chuma kinaweza kumrukia mtoto aliyemfuata mama yake shambani. Kuloweka jembe usiku? Mti unavimba, kesho jua linausinyaza tena.

Heri kukata Juni, kiangazi kinapoanza, na kukausha mti kivulini usipasuke. Kisha mpini unapitishwa tunduni kwa ncha nyembamba. Ncha nene ndiyo inayozuia chuma, na kila jembe linaporushwa kinazidi kukaza.