Tembo wa Tabora: mizani ya sonara haitoshi

CHOMA, Igunga – Mwaka ambao pamba imekosa bei, masanduku ya mababu hufunguliwa. Kinachotoka humo mara nyingi ni rupia za fedha zilizosagika, heller zenye tundu katikati na vikuku visivyovaliwa tena. Mara moja moja hutoka kipande kidogo cha dhahabu chenye picha ya tembo aliyeinua mkonga, na hicho ndicho huuzwa kwa bei ya kutupa.

Sababu ni kwamba mtu wa kwanza kukitazama huwa ni mnunuzi wa dhahabu. Upande huu wa nchi umeizoea biashara hiyo. Ng'ambo ya mbuga ya Wembere kuna Sekenke, ambako Wajerumani walichimba kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na Nzega ndiko mgodi mkubwa wa Golden Pride ulikoanza kazi mwaka 1998. Mnunuzi huja na mizani ndogo mfukoni na jiwe la kupimia. "Mzee, hii karati ndogo, kumi na nane tu," ndiyo lugha ya sokoni, na kwa sarafu hii maneno hayo si uongo. Ni karati 18 kweli. Kosa ni kudhani kwamba hesabu imeishia hapo.

Sarafu yenyewe ni rupia 15 ya Afrika Mashariki ya Kijerumani, iliyopigwa Tabora mwaka 1916. Vita ilikuwa imeziba bahari. Manowari za Kiingereza zilizuia meli, na fedha kutoka Berlin haikufika tena. Serikali ya koloni ilikuwa imekimbilia Tabora, mji ambao reli ya kati iliufikia mwaka 1912. Noti za dharura zilichapishwa, lakini karatasi ile haikuwatosha watu waliozoea kushika fedha ngumu. Dhahabu ya Sekenke ikapelekwa kwenye karakana ya reli, mafundi wakachonga mihuri kwa mkono, na tembo akazaliwa. Thamani yake ililinganishwa na mark 20 za Ujerumani. Jumla zilipigwa 16,198. Tarehe 19 Septemba 1916 jeshi la Wabelgiji liliingia Tabora, na karakana ile haikupiga tena fedha ya Kaiser.

Hesabu ya uzito

Sarafu nzima ina uzito wa gramu 7.168, na robo tatu yake ni dhahabu safi, yaani gramu 5.376. Machi 2025 dhahabu ilivuka dola 3,000 za Marekani kwa aunsi kwa mara ya kwanza. Kwa bei hiyo, dhahabu iliyomo ndani ya tembo mmoja ni ya dola 518 hivi. Sonara atakata faida yake na hasara ya kuyeyusha, kwa hiyo mwenye mali atapata chini ya hapo. Wakati huohuo, katika minada ya Ulaya na Marekani sarafu hiyohiyo, ikiwa katika hali nzuri, imekuwa ikiuzwa kwa dola elfu kadhaa. (Huku neno mnada humkumbusha mtu ng'ombe, vumbi na nyama ya kuchoma. Mnada unaosemwa hapa una katalogi yenye picha, na mnunuzi anaweza kuwa Tokyo bila kuinuka kitini.)

Tofauti hiyo hulipiwa na wakusanyaji, na wakusanyaji wana macho ya aina yake. Wapo wanaokusanya stempu, na wapo wanaokusanya wanasesere wa majitu ya sinema. Jitu la Kijapani Godzilla lilionekana katika sinema kwa mara ya kwanza mwaka 1954. Mwaka 1977 kampuni ya Mattel ya Marekani ilitoa mwanasesere wake wa plastiki, mrefu karibu nusu mita, mwenye ngumi inayofyatuka. Anayemthamini leo huuliza mambo machache: ngumi ipo? Sanduku lake lipo? Rangi ni ya kiwandani au imepakwa upya? Ngumi ikipotea, bei huanguka. Plastiki yenyewe haina thamani yoyote; mnunuzi hulipia ukamilifu na uhalisi tu.

Tembo wa Tabora huulizwa maswali ya ukoo huohuo, ila yeye ana sakafu. Hata akipondwa na nyundo, dhahabu yake hubaki. Lakini sakafu hiyo ndiyo inayowadanganya wauzaji: kwa kuwa kuna bei ya uhakika mkononi, hawaulizi kama ipo nyingine juu yake.

Kinachoangaliwa

Upande mmoja una tai wa Kaiser, jina la koloni na maneno 15 RUPIEN. Upande wa pili una tembo mbele ya milima, na chini yake mwaka 1916 na herufi T, yaani Tabora. Mahali pa kuchakaa kwanza ni palipoinuka, kama sikio la tembo na kifua cha tai. Mikunjo ya sikio ikisomeka vizuri, sarafu haikutembea sana.

Kuna aina mbili, kwa sababu ya mihuri ile ya mkono. Katika aina moja, nakshi ya upande wa kulia wa tai huishia chini ya herufi T ya neno OSTAFRIKA, zilipigwa 9,803. Katika nyingine huishia chini ya A ya kwanza, zilipigwa 6,395. Lenzi ya fundi saa inatosha kuliona jambo hilo.

Dosari inayoumiza zaidi ni lehemu. Sarafu nyingi za dhahabu ziligeuzwa kidani, na hata kipete cha kutungia mkufu kikiondolewa, alama hubaki ukingoni. Ya pili ni usafi. Majivu, limau na dawa ya meno humfanya tembo ang'ae kama bati jipya, na kila mkusanyaji huona mikwaruzo hiyo mara moja. Anayetaka kuuza asisugue kitu. Uchafu wa miaka mia moja una bei nzuri kuliko usafi wa jana.

Halafu kuna bandia, na ni nyingi. Za shaba ya njano zilizopakwa dhahabu hugunduliwa na mizani. Sarafu halali ikining'inizwa kwa uzi ndani ya maji, mizani husoma pungufu kwa chini kidogo ya nusu gramu. Ya shaba ya njano yenye uzito uleule hupungua kwa zaidi ya gramu 0.8. Bandia za dhahabu halisi ni kazi nyingine. Hizo hazishikwi na maji wala jiwe. Hushikwa na vitundu vidogo vya kusubu, herufi zilizovimba na mstari wa kuunganisha ukingoni. Ndiyo maana wanunuzi wakubwa hutaka sarafu iliyopitia makampuni ya Marekani ya NGC au PCGS, ambayo huipa daraja hadi 70 na kuifungia katika kasha la plastiki.

Kutoka Choma hadi huko ni mbali, na gharama ya kutuma, bima na ukaguzi si ndogo. Kwa sarafu yenye lehemu huenda safari hiyo isilipe. Kwa safi inalipa. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, kwa hiyo tarehe hiyo haimgusi tembo wa 1916, lakini kuvusha dhahabu mpakani kimyakimya ni kosa jingine kabisa. Swali liulizwe forodhani kabla ya safari.

Sandukuni humohumo huenda kukawa na heller 20 ya mwaka 1916 yenye herufi DOA, nzito na ya njano. Nayo ni ya Tabora. Zilipigwa zaidi ya milioni moja, na bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na tembo. Heller 5 ya mwaka huo ni chache zaidi. Isichanganywe na vyuma chakavu.