Mvua Ikinyesha Kombewa, Pesa Uliyotuma Iko Wapi?

Kama unafanya biashara Kombewa, hii unaijua. Mchana mawingu yanajikusanya, jioni mvua inashuka kama imemwagwa na ndoo. Wakati huo huo mteja wako yuko Kisumu, anataka kukutumia 3,000 za omena. Anaweka namba, anaweka kiasi, anaweka PIN, anabonyeza tuma. Simu inazunguka weee, halafu kimya. Hakuna mesji kwake, hakuna mesji kwako.

Sasa afanye nini? Wengi hutuma tena. Na hapo ndipo 3,000 inageuka 6,000.

Leo tunataka ujue kinachotokea kule juu kwenye mnara, kwa sababu ukikielewa hutakuwa na haraka ya kubonyeza mara ya pili. Kuna wahandisi wa chuo kikuu, wakiongozwa na msomi aliyesomea hapa Kenya, ambao kazi yao kwa miaka mingi imekuwa hii moja: kupima jinsi mvua inavyokula mawimbi ya redio.

Simu yako haiogopi mvua

Tuanze na jambo ambalo wengi hukosea. Mvua yenyewe haisumbui sana mawasiliano kati ya simu yako na mnara, au boosta kama wengi tunavyouita. Ikiwa simu inatumia masafa ya megahezi 900, wimbi moja lina urefu wa sentimita 33 hivi, kuzidi rula ya shule kidogo. Tone kubwa la mvua lina milimita tano au sita. Kwa wimbi kubwa namna hiyo, tone si kitu. Ndiyo maana unaweza kujikinga mvua kwenye kibanda na simu bado inaonyesha netiweki imejaa.

Shida inaanza baada ya mnara. Mnara ukishapokea ombi lako, lazima uusukume mbele mpaka ufike kwenye mitambo mikuu. Minara mingine imeunganishwa kwa faiba. Mingine, hasa huku mashambani, hurushiana habari hewani kwa mikrowevu, kupitia zile ngoma nyeupe za mviringo unazoziona zimefungwa juu ya mnara.

Mikrowevu hutumia masafa ya juu zaidi. Kwa gigahezi 23, urefu wa wimbi ni milimita 13 tu. Hapo tone na wimbi yanakaribiana kwa ukubwa, na tone linaanza kumeza nguvu ya wimbi na kuitawanya huku na huku.

Ukipiga hesabu kwa kanuni za ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, mvua kali ya milimita 50 kwa saa hupunguza wimbi hilo mpaka kama moja ya tano ya nguvu yake ndani ya kilomita moja. Likipita kilomita ya pili ndani ya mvua hiyo hiyo, inabaki moja ya ishirini na tano. Mitambo ya kisasa haizimi hapo hapo. Hupunguza kasi, kama vile mtu wa bodaboda anavyopunguza akikuta matope. Lakini mvua ikizidi, hata mwenda pole husimama.

Wanaohesabu matone

Profesa Thomas Afullo alimaliza shahada ya uhandisi wa umeme Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1979. Baadaye, akiwa Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal mjini Durban, Afrika Kusini, aliongoza wanafunzi wengi wa shahada za juu katika utafiti wa mawimbi na mvua.

Unaweza kujiuliza: mvua si ni mvua? La. Kanuni maarufu ya ukubwa wa matone ilitolewa na Marshall na Palmer mwaka 1948, kutokana na mvua iliyopimwa Canada. Mhandisi akichukua hesabu za Canada akajengea mnara karibu na ikweta, anaweza kukosea. Mvua yetu huja kwa nguvu, kwa muda mfupi, na matone makubwa.

Kwa hiyo wakaamua kuyapima matone yenyewe. Walitumia kifaa kinachoitwa distrometa. Kina uso mdogo wa sentimita 50 za mraba, na kila tone likiugonga, kinajua ukubwa wake na kuliweka katika moja ya makundi 20. Mwaka 2014, Akintunde Alonge na Afullo walichapisha utafiti uliolinganisha mvua ya Durban na ile ya Butare, kusini mwa Rwanda. Butare iko karibu na ikweta kama sisi, ng'ambo ya Ziwa Victoria.

Miaka mitatu kabla, mwaka 2011, Peter Akuon na Afullo walikuwa wamechapisha kazi kuhusu upana wa eneo la mvua kali, wakitumia takwimu za Afrika Kusini. Hili lina maana kubwa kwako. Mvua kali haifuniki nchi nzima. Hushuka sehemu moja ikaacha nyingine. Kwa hiyo jua linaweza kuwa linawaka Kombewa, na njia ya mikrowevu inayobeba ombi lako ikawa inalowa upande wa Kisian. Wewe unasema, "Lakini hapa hakunyeshi!" Ni kweli, lakini kunanyesha njiani.

Mwaka 2019, Mary Ahuna, Afullo na Alonge walichapisha njia ya kutumia kompyuta inayojifunza kutokana na mvua zilizopita, ili kukisia mvua itakavyobana mawimbi muda mfupi ujao. Mtambo ukijua mapema, unajipanga kabla mambo hayajaharibika.

Dakika 53 kwa mwaka

Wahandisi wa mikrowevu wana kipimo wanachokipenda: mvua kali inayozidiwa kwa asilimia 0.01 tu ya mwaka. Ukipiga hesabu, hiyo ni kama dakika 53 kwa mwaka mzima. Njia nyingi hupangwa zihimili mvua yoyote isipokuwa ile ya dakika hizo chache.

Dakika 53 ni kidogo. Tatizo ni kwamba haziji saa tisa usiku ukiwa umelala. Huku Kisumu, mvua za radi hupenda kuja alasiri na jioni, wakati samaki wanauzwa, watu wanatoka kazini na kila mtu anatuma pesa. Ongeza stima kupotea, au mnara mmoja kubeba watu wengi kupita kawaida, na utaona kwa nini dakika tano zinaweza kuumiza mfuko.

Basi pesa iko wapi?

Pesa haiko hewani. Haisafiri na mawimbi, kwa hiyo mvua haiwezi kuimeza. Kinachosafiri ni ombi lako. Kuna mambo mawili yanayoweza kutokea:

1. Ombi halikufika. Pesa bado iko kwenye akaunti yako.
2. Ombi lilifika, pesa ikahama, lakini jibu limekwama likirudi. Mesji huwekwa kwenye mitambo na kutumwa tena simu ikipatikana, kwa hiyo inaweza kukufikia baada ya dakika kadhaa.

Kwa macho hali hizi mbili zinafanana kabisa: simu iko kimya. Kutuma tena ni kubahatisha. Kuangalia salio ndiko kunakokupa jibu.

Fanya hivi kukinyesha

*Kama unatuma:* Subiri kidogo, kisha angalia salio au taarifa fupi ya akaunti kabla ya kutuma tena. Salio likikataa kufunguka, jua kwamba hata kutuma hakutaeleweka. Ngoja mvua ipungue. Mpigie unayemtumia umwambie asubiri.

*Kama unauza:* Usitoe mzigo kwa sababu ya mesji unayoonyeshwa kwenye simu ya mteja. Mesji ya kughushi ni rahisi kutengeneza, na siku ya mvua tapeli ana kisingizio kizuri: "Mama, si unaona netiweki ni mbaya, yako itaingia tu." Salio lako ndilo shahidi. Likiongezeka, toa omena. Lisipoongezeka, mwambie kwa heshima akae kibandani mngoje pamoja.

*Kama umepigiwa simu* na mtu usiyemjua akidai pesa imekuja kwako mara mbili sababu ya netiweki, usirudishe kitu kabla ya kuangalia salio. Hata ukikuta imeingia kweli, mwambie aombe kurudishiwa kupitia huduma kwa wateja. Na PIN haitajwi kwa mtu yeyote, kunyeshe kusinyeshe.

*Kama tayari umetuma mara mbili*, usingoje kesho. Wasiliana na huduma kwa wateja mara moja ukiwa na namba za miamala yote miwili. Pesa ikishatolewa upande wa pili, kuirudisha kunakuwa kugumu.

Masika huanza Machi hadi Mei. Kama una mteja Kisumu anayekulipa kwa simu, ongeeni mapema mkubaliane jambo moja tu: kukinyesha na mesji ikachelewa, hakuna kutuma tena mpaka mmoja wenu ameangalia salio.