NDAMA HUPEWA MAZIWA. NA MTOTO JE?

Mkulima mwenye ng'ombe wa gredi anajua kutunza ndama. Siku ile ile ya kuzaliwa humpa dang'a, kisha humpimia maziwa yake kila siku. Anajua ya kuwa ndama aliyekosa chakula mapema hudumaa, akachelewa kupandwa na kuzaa.

Mambo ya mtoto ni hayo hayo. Tangu mimba kuingia mpaka mtoto atimize miaka miwili ni siku kama 1,000. Katika siku hizo ubongo hukua upesi kuliko wakati mwingine wo wote. Mtoto akidumaa wakati huo, ni vigumu sana kurudisha kimo na akili alizozikosa.

Hesabu ya serikali ya mwaka 2022 ilionyesha kuwa katika kila watoto 100 wa Kenya walio chini ya miaka mitano, 18 wamedumaa. Wengine ni wa wakulima wenye ng'ombe na kuku. Maziwa yote huenda kwa chama cha ushirika, mayai yote huenda sokoni, na mtoto hubakiwa na uji mtupu. Mkopo wa shamba lazima ulipwe, ni kweli. Lakini kikombe kimoja cha maziwa hakitakuzuia kulipa deni.

Basi fanyeni hivi. Mama mja mzito ale vizuri, aende kliniki mapema, wala asibebeshwe mizigo mizito. Mtoto anyonyeshwe kabla saa moja haijapita tangu azaliwe, naye asipewe kitu kingine, hata maji, mpaka miezi sita, isipokuwa dawa aliyoagizwa na daktari. Baadaye aendelee kunyonya mpaka miaka miwili, akipewa pia uji wenye maziwa, maharagwe yaliyopondwa, yai, mboga na matunda. Chanjo zake zote zikamilishwe.

Lakini tumbo likishiba, kazi haijaisha. Mtoto huanza kujifunza kabla ya kujua kusema. Mwimbie, mwitikie anapobwabwaja, mhesabie mahindi mnapopukuchua. Mambo haya hayana gharama. Baba naye asiseme kuwa ni kazi ya mama. Jioni moja ya hadithi ina faida kubwa.

Akifika miaka minne, apelekwe chekechea. Zamani wazazi wengi walijenga shule hizo wenyewe kwa Harambee. Tangu Katiba ya 2010, kazi hiyo imekabidhiwa serikali za kaunti. Kama shule iko mbali na kijiji chenu, pelekeni neno hilo katika baraza, mkiwa pamoja.

Mkulima, shamba ulilolipigania utamwachia mtoto huyo. Wahenga walisema: Udongo uwahi ungali maji. Kesho asubuhi, kabla ya kufunga mkebe wa maziwa, chota kikombe cha mtoto kwanza.