Giaboksi nayo inapumua

Mwaka jana nilikuwa Tabora kwenye kiwanda kidogo cha kukamua alizeti. Giaboksi ya mashine moja ilikuwa imeua beringi mara tatu ndani ya miezi 8. Mwenye kiwanda alishaanza kumshuku fundi kwamba anamfungia spea feki. "Mdogo wangu, beringi nilinunua mbele yake, boksi akafungua mwenyewe," fundi aliniambia. Tulipofungua nati ya chini, kikatoka kitu kama chai ya maziwa.

Hayo ni maji yaliyovurugika na oili. Lakini ilikuwa Agosti, Tabora ni vumbi tupu, na paa halivuji. Maji yametoka wapi?

Kwanza ujue giaboksi inafanya nini. Mota inazunguka kama mara 1,450 kwa dakika, na parafujo ya kukamulia inataka mizunguko 29 tu. Gia zinapunguza mwendo mara 50, na nguvu ya kuzungusha inapanda karibu mara 50. Mzigo wote huo unabebwa na meno na beringi, na kati ya chuma na chuma kuna utando wa oili wenye unene wa kama sehemu moja ya elfu ya milimita. Tone la maji likiingia hapo halibebi mzigo. Chuma kinagusa chuma, vinatokea vishimo vidogo, halafu kutu inamalizia.

Sasa kupumua. Giaboksi ikifanya kazi inafika nyuzi 80 hivi za Selsiasi, usiku inashuka hadi 20. Kama ndani kuna lita 10 za hewa ya moto, ikipoa inabaki na ujazo wa lita 8.3. Pengo la lita 1.7 lazima lijazwe na kitu. Ndiyo maana juu ya giaboksi huwa kuna kifuniko chenye tundu, hewa ipite. Kwenye hii, tundu lilikuwa limezibwa kwa kijiti. Mtu mmoja mwenye nia njema kabisa alitaka kuzuia vumbi.

Basi mchana shinikizo la ndani linapanda kwa asilimia kama 20, oili inasukumwa nje kupitia oili sili zilizochakaa, mashine inachafuka. Jumamosi jioni wanaimwagia maji kuisafisha ikiwa bado ya moto. Inapoa ghafla, inavuta. Tundu limezibwa, kwa hiyo inavuta kupitia midomo ya zile zile sili, ambayo saa hiyo imelowa maji. Unaona? Usafi ndio uliokuwa unaua beringi.

Ndiyo sababu mimi sipendi ukarabati wa kutoa kibovu na kuweka kipya tu. Beringi ya zamani usiitupe kabla hujaisoma: kutu inasema maji, rangi ya bluu inasema joto kali, mikwaruzo inasema vumbi.

Kwa njia, somo la maji na chuma lina historia kwenye njia hii hii ya misafara ya zamani, ambayo reli iliifuata ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma 1914. Wajerumani walipoizamisha meli yao Graf von Götzen huko Ziwa Tanganyika mwaka 1916, mafundi walizipaka injini grisi nyingi kwanza. Ilipoibuliwa mwaka 1924, injini zilikuwa bado zinafaa, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Miaka mingi chini ya maji! Yetu ilikuwa haimalizi hata miezi mitatu.

Tulibadilisha sili, tukaosha ndani kwa oili nyepesi, tukaweka kifuniko cha kupumulia chenye chujio. Jumamosi wanaifuta kwa tambara kavu. Fundi yule bado yupo kazini, na kijiti anacho mfukoni, anawaonyesha wageni.