Dawa Hizi Zimetoka Wapi?



Wananchi wa hapa Ulemo wanaokuja zahanati hupenda kusoma maandishi yaliyo juu ya makasha ya dawa. Wakiona jina la nchi ya mbali huuliza: "Mganga, nani amezilipia hizi?" Swali hilo ni la haki, maana anayelipia leo anaweza kuacha kesho.

Msaada wa nje si mgeni Iramba. Wamisionari wa Kilutheri kutoka Marekani walifika wilayani mwetu katika miaka ya 1920, na hospitali ya Kiomboi ni matunda ya kazi yao. Baada ya Uhuru mwaka 1961, misaada mikubwa ilianza kutoka kwa serikali za nje, na haikuchukua muda tukaona ina masharti. Mwaka 1965 Ujerumani ya Magharibi ilikata msaada wake wa kijeshi kwa sababu tulikuwa na uhusiano na Ujerumani ya Mashariki. Mwalimu Nyerere akawaambia waondoe na misaada yao mingine. Desemba mwaka huohuo tulivunja uhusiano na Uingereza kwa ajili ya Rhodesia, na mkopo wa pauni milioni 7.5 ukasimamishwa. Azimio la Arusha la mwaka 1967 likaonya juu ya kutegemea zawadi na mikopo ya wageni.

Ajabu ni kwamba misaada iliongezeka sana baada ya Azimio kuliko kabla yake. Wachina walitukopesha fedha bila riba, tukajenga reli ya TAZARA kati ya 1970 na 1975. Sweden na jirani zake walisaidia shule, maji na zahanati.

Tutazame maji, kwa kuwa ndiyo yanayoleta wagonjwa wengi wa kuhara. Mwaka 1971 Serikali iliweka lengo kwamba ifikapo 1991 kila mwananchi wa kijijini awe na maji safi karibu na nyumba yake. Fedha nyingi za kazi hiyo zilitoka nje. Jirani zetu wa Shinyanga walisaidiwa na Uholanzi, kuanzia 1974, kuchimba visima vifupi vya pampu za mkono. Lakini mahali pengi nchini mitambo ilisimama kwa kukosa dizeli, vipuri au fundi, na akina mama wakarudi kwenye madimbwi. Mfadhili alikuwa amelipia pampu, hakulipia fundi wa miaka yote. Lengo la 1991 halikufikiwa.

Dawa nazo zina historia yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 nchi ilikosa fedha za kigeni na zahanati nyingi zikawa na kuta tu. Denmark, kwa kupitia UNICEF, ikaanza kuleta dawa muhimu katika masanduku yaliyofungwa tayari. Yaliokoa watu wengi. Kasoro yake ni kuwa masanduku yalifanana kila mahali: zahanati yenye wagonjwa wengi ilimaliza dawa kabla ya wakati, nyingine ikabaki na dawa zisizohitajika. Mwaka 1993 iliundwa Bohari ya Dawa, na baadaye zahanati zikaanza kuagiza zenyewe kulingana na wagonjwa wake. Mwaka huohuo wa 1993 wagonjwa wa hospitali za Serikali walianza kuchangia gharama. Hayo yalikuja baada ya nchi kukubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 1986.

Dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI ndizo zilizotegemea wageni zaidi. Marekani ilianzisha mpango wake mkubwa mwaka 2003. Januari 2025 ilisimamisha misaada yake mingi, na Julai mwaka huo shirika lake la USAID likafungwa rasmi. Maneno mengi yakaenea vijijini.

Wewe unayetumia dawa hizo, usigawe kidonge katikati ili kibaki cha kesho, wala usimpe mwenzako. Ukipunguza dozi, virusi hupata usugu, na dawa hiyo haitakufaa tena hata ikijaa ghalani. Njoo kwenye tarehe yako, uulize.

Na dawa zikifika zahanati, zinapokelewa mbele ya wajumbe wa kamati ya zahanati, ambao ni wanakijiji wenzenu. Waulizeni kimepokelewa nini, na kimeandikwa wapi.