Ada ya kliniki huongeza ugonjwa

Barua za wasomaji zina hoja moja isiyokoma: cha bure hakithaminiwi, mgonjwa achangie kidogo ndipo aheshimu dawa. Si kweli, na ushahidi umetoka hapa hapa Kenya.

Desemba 1989, serikali ikibana matumizi chini ya marekebisho ya uchumi yaliyopigiwa debe na Benki ya Dunia, ada zilianza kutozwa katika hospitali za umma. Kwenye kliniki ya rufaa ya magonjwa ya zinaa jijini Nairobi, wanaume waliofika kila mwezi walishuka hadi asilimia 40 ya idadi ya awali. Wanawake, asilimia 65. Ada iliposimamishwa baada ya miezi tisa, wanawake walipanda hadi asilimia 122. Watafiti walihitimisha kwamba huenda ada iliongeza magonjwa yasiyotibiwa mitaani.

Na kisonono kisichotibiwa hufungulia VVU njia. Njia ya mkojo ikivimba, mwili hukusanya pale chembe za CD4, zile zile ambazo VVU huzishambulia. Asiye na virusi huambukizwa kwa urahisi zaidi. Aliye navyo huvitoa kwa wingi: nchini Malawi, wanaume wenye VVU na uvimbe huo walikutwa na virusi kwenye shahawa mara nane zaidi ya wenye VVU wasio na uvimbe. Walipopewa viuavijasumu, virusi kwenye shahawa vilishuka ndani ya wiki mbili, ilhali vya kwenye damu havikubadilika! Ndiyo maana mkoani Mwanza, Tanzania, utafiti uliochapishwa mwaka 1995 ulionyesha kuwa kuboresha tiba ya magonjwa ya zinaa vijijini kulipunguza maambukizi mapya ya VVU kwa takriban asilimia 40.

Kuhusu kuthamini: Jessica Cohen na Pascaline Dupas walitoa vyandarua kwa wajawazito magharibi mwa Kenya, vingine bure, vingine kwa bei. Waliopewa bure walivitumia sawa na walionunua. Bei ilipunguza tu waliovichukua.

Anayeshindwa na ada humwangukia muuza "dawa ya kusafisha damu". Wauzaji hawa wanapaswa kushtakiwa. Majimaji yao hayatibu kisonono. Yanamla maskini pesa na kumchelewesha.

Ukiona usaha au kidonda, nenda kituo cha afya leo, pamoja na mwenzako, na mmalize dawa.

Mwaka 2013 Kenya ilifuta ada za zahanati na vituo vya afya. Waziri wa fedha anayetafuta pa kukata asizirudishe.