Samaki wa Beseni na Mayai Yanayongoja Mvua

Kitui maji hayamwagwi ovyo. Ya mvua hukingwa kwa mabati yakaingia tangini, na yaliyooshea mboga humaliziwa kwenye maua. Kwa hiyo beseni la yungiyungi juu ya slabu ya nyumba ya kupanga ni anasa kidogo, na jirani atakusema. Mvua za Oktoba zikishaanza, maji ya beseni hilo huanza kuchezacheza. Ni viluwiluwi wa mbu.

Wa kuangaliwa zaidi ni Aedes, mbu mwenye madoa meupe miguuni, aumaye mchana na kueneza dengi na chikungunya. Mayai yake huyabandika ukutani mwa chombo, juu kidogo ya maji, na huko yanaweza kukaa makavu kwa miezi. Siku utakayolijaza beseni yataanguliwa, na kwa joto letu mbu kamili ataruka baada ya wiki moja hivi. Anayemwaga maji bila kusugua kuta kwa brashi amefanya nusu ya kazi.

Hapo ndipo samaki anapoingia. Kiluwiluwi huishi majini lakini huvuta hewa ya juu, hivyo hana budi kupanda kila mara. Gapi, samaki mdogo mwenye asili ya kaskazini mwa Amerika Kusini, mdomo wake umeelekea juu, tayari kumpokea. Tena hatagi, huzaa watoto wanaoogelea papo hapo. Wachache tu hutosha beseni zima.

Ushahidi wa nyumbani upo, ingawa wa samaki mwingine. Watafiti waliotia tilapia katika mabwawa yaliyotelekezwa Kisii walichapisha matokeo yao mwaka 2007: baada ya wiki 15, viluwiluwi wa mbu wa malaria walikuwa wamepungua kwa zaidi ya asilimia 94. Lakini hayo ni mabwawa ya ardhini, na tilapia akikua beseni halimtoshi.

Juu ya paa adui mkubwa ni jua. Maji ya nyuzijoto 20 hubeba takriban miligramu 9 za oksijeni kwa lita. Yakifika 30 hubaki kama 7 na nusu, na wakati huohuo mwili wa samaki uliopata joto unadai hewa zaidi. Beseni jeusi la plastiki saa nane mchana ni sufuria. Chagua chombo kipana, cha rangi nyepesi, ukiweke kivulini. Majani yafunike nusu ya maji, yasizidi, maana usiku mimea nayo hutumia oksijeni. Maji ya mfereji yaache wazi siku nzima klorini itoke. Uchafu wa samaki usikutishe sana, mradi hujawajaza: bakteria huugeuza kuwa mbolea, yungiyungi likaila.

Magugu-maji usiyapande hata yakichanua vizuri kiasi gani. Ziwa Victoria limeshatufundisha. Na gapi waliozidi usiwamwage kwenye silanga wala Mto Tiva. Binamu yao wa Marekani, Gambusia, alisambazwa duniani karne iliyopita ili apambane na malaria, akaishia kula mayai ya samaki wenyeji na ya vyura.

Tangi la maji ya kunywa halihitaji samaki. Lifunike, mdomo wake ufungwe wavu. Mabwawa ya mchanga, ambayo shirika la SASOL limejenga mamia yake Kitui, yamelimaliza tatizo hili kwa njia yake: maji yakiwa yamejificha chini ya mchanga, mbu hana pa kutagia.

Wako samaki wanaojua ukame. Nothobranchius wa vidimbwi vya msimu huko pwani huzika mayai topeni, wazazi wakafa, mayai yakangoja mvua, karibu sawa na Aedes. Gapi hana ujanja huo. Ukifunga nyumba Agosti kwenda kwa wazazi Mutomo na beseni likakauka, utakuta samaki wamekufa. Mayai ya mbu yatakuwa palepale ukutani.